Tabasamu la Fundi Lifti

Ukumbi wa chuo ulikuwa umefurika watu, na kila aliyepita alimkodolea macho msusi aliyeketi karibu na mlango wa maabara, kofia ya nyaya kichwani, majimaji mazito yakimtiririkia shingoni. Mteja wake wa siku nyingi, daktari anayechunguza ubongo, alikuwa amembembeleza ajitolee katika utafiti wake.

"Nasuka vichwa vya watu, leo changu ndicho kimeharibiwa," alimlalamikia mwanamume wa kiti cha pili, aliyevishwa kofia kama yake.

"Afadhali wewe una cha kuharibiwa. Chini ya kofia hii kuna upara mtupu."

Msusi akacheka. Mwanamume huyo alikuwa fundi lifti, ovaroli yake ya buluu imepigwa pasi utadhani anakwenda harusini.

Ndani walisomeshwa ujumbe mfupi mmoja baada ya mwingine kwenye kioo cha kompyuta, kila mmoja ukimalizikia kwa emoji, vile viuso vidogo vya kwenye simu. Baadaye daktari aliwaeleza: kiuso kikikubaliana na maneno, ubongo unapita bila shida, kikipingana nayo, unashtuka na kuanza kutafuta mwandishi alikuwa na maana gani.

Wakatoka wamepeana namba.

Msusi alikuwa mjane mwenye binti mkubwa, na alishasahau raha ya kuchekea simu peke yake jikoni. "Umekula, mpenzi?" fundi alikuwa akimwandikia, na emoji tatu za maua mwishoni. "Nitashibaje bila wewe?" naye alikuwa akijibu, kisha anaona haya kama msichana.

Jumamosi moja fundi alikuwa aje kwa chakula cha mchana, aonane na binti. Msusi alivaa gauni la zambarau na hereni ndefu. Chakula kikiwa mezani, simu ikalia: "Samahani mpenzi, leo sitaweza kuja. Tutapanga siku nyingine." Mwishoni, kiuso kimoja chenye tabasamu jembamba.

Akasoma. Akarudia. Akamwonyesha binti yake.

"Mama, hilo si tabasamu, ni dharau! Sisi tukimtumia mtu hiyo, ujue tumeshamalizana naye."

Msusi alivua hereni polepole. Fundi alipopiga simu jioni, aliiacha iite. Kesho yake vilevile.

Wiki iliyofuata daktari alikuja saluni kusukwa. Alimkuta msusi kanuna, akamchokonoa mpaka akasema yote.

"Dada, huyo bwana ana umri gani?"

"Hamsini na kitu."

"Basi! Katika majaribio yetu vijana wengi waliona kejeli kwenye uso huo, na watu wazima wakaona tabasamu tu. Binti yako kausoma kwa macho ya rika lake. Wewe ulionaje kabla hujamwonyesha?"

Kitana kikasimama. "Niliona kama… ana aibu."

"Sasa mpigie."

Simu haikumaliza hata mlio mmoja.

"Mpenzi! Nimeikalia simu hii kama kuku anayeatamia."

"Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Lifti ya hospitali ilikwama na mama mjamzito ndani. Nilikuandikia kwa kidole kimoja, grisi mpaka viwikoni. Tulimtoa salama."

"Na kile kiuso?"

"Maneno yalikuwa makavu, kama namfukuza mtu kazi. Nikaweka uso usije ukadhani nimekasirika."

"Mwanangu kasema unanidharau."

"Nikudharau wewe? Uko saluni? Usiondoke hapo!"

Alifika anahema, ovaroli imechafuka safari hii, daktari akiwa amesukwa upande mmoja tu wa kichwa.

"Nilidhani nimekupoteza," fundi alisema akiwa bado mlangoni. "Sikulala vizuri, sikula vizuri. Tuoane nipumzike. Unakubali?"

"Huoni nina kichwa cha mtu mkononi?"

"Mjibu kwanza," daktari akadakia. "Mimi hata nusu inanitosha!"

Msusi alimtazama yule mwanamume aliyechoka, macho yake yasiyojua kuficha kitu.

"Nakubali. Ila binti yangu utamwambia mwenyewe, ana kwa ana."

"Leo?"

"Leo hii."

Fundi akavuta kiti, akakaa kusubiri. Msusi akarudi kwenye nywele za daktari, jicho moja likiwa kwa fundi, akasuka mstari uliokwenda upande kabisa, na hakuna aliyeuona.