Gololi ya Tatu

Kila alasiri, akitoka shule, Bishara aliweka vitabu chini, akanywa maji ya mtungi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye pembe ya nyumba yenye turubai. Kafyu ilianza magharibi, na katika Garissa ya miaka ile ya vita hakuna mtoto aliyecheza mbali na mlango wa kwao.

Chini ya turubai palikuwa na mashine ya gololi: sanduku pana la mbao lenye miguu minne, kioo juu, na ndani misumari midogo, mashimo na kengele. Ukivuta kifyatuo na kukiachia, springi huirusha gololi ya chuma, nayo huteremka ikigonga misumari, na ikibahatika huliza kengele.

Maafisa wa Kizungu waliitelekeza walipoondoka, mchwa wakaila, hadi Gelle, baba yake Bishara, aliporuhusiwa kuichukua. Alichonga miguu mipya, akatia kioo. Ikabaki springi, iliyoshika kutu.

“Hiyo niachie mimi,” alisema siku alipoliwasha lori lake kwenda Wajir. “Nikirudi tutailiza kengele pamoja.”

Barabara ikafungwa. Mvua zikaja, zikapita. Gelle hakurudi.

Bishara alitaka kengele ndiyo imkaribishe baba. Akaisugua springi kwa mchanga, lakini bado ilikwama. Akakumbuka jinsi mama yake, Kaltun, alivyolainisha ngozi ngumu za makubadhi kwa samli. Mbona springi isilainike? Basi akachota samli kibuyuni, akaipaka kwa wingi. Ilikuwa samli ambayo Kaltun aliitunza kwa ajili ya chakula cha kwanza cha mumewe akirudi.

Jioni Kaltun alitikisa kibuyu. “Nani amegusa samli ya baba yenu? Kulow!”

“Wallahi, hooyo, mama yangu, si mimi!” alilia Kulow, mdogo wake Bishara. “Ninuse mdomo!”

“Umeshaufuta, mwizi wangu mdogo. Leo hunywi maziwa.”

Bishara alitazama mkeka, akanywa yake.

Kesho yake upepo ulimwaga vumbi mji mzima. Vumbi likanata kwenye samli, springi ikawa kama imefinyangwa kwa udongo. Bishara alivuta kifyatuo; hakikurudi. Sisimizi walipanda miguu ya mashine kwa msururu.

“Mashine yako inanuka kama jikoni!” Kulow alicheka. Halafu kicheko kikamkatika. “Kumbe ni wewe.”

“Utamwambia hooyo?”

“Mwambie mwenyewe. Mimi haniamini.”

Maneno hayo yalimchoma. Tena hakuwa na njia nyingine: nani angemsaidia bila kuuliza alichopaka? Akamwendea mama yake, akasema yote, kibuyu, springi, na maziwa ya Kulow.

Kaltun akachukua spana ya mumewe na mafuta ya taa. Waliifungua springi, wakaiosha, wakaifuta mpaka ikakauka, wakaifunga tena.

“Baba yako hapaki grisi kitu kilicho wazi kwenye vumbi hili,” alisema. “Ungeuliza, ningekuambia. Hukuuliza kwa kuwa ulikuwa unaficha.”

Akamvuta Kulow kifuani. “Nisamehe, mwanangu.” Akamgeukia Bishara. “Samli tutapata nyingine ng'ombe wakishiba majani. Lakini baba yenu anairudia nyumba hii, na nataka akute tunaaminiana. Ukikosea, sema upesi, kabla mwenzako hajaadhibiwa kwa kosa lako.”

“Nimeelewa, hooyo.”

Gololi zilikuwa tatu. Kulow alipewa ya kwanza; ikatumbukia shimoni bila sauti. Bishara akarusha ya pili. Ikapanda, ikashuka ikirukaruka, na kengele ikalia, nyembamba na safi. Bila kujijua, Kaltun aligeuza uso kuelekea barabara ya Wajir.

Kulow akanyoosha mkono kuchukua ya tatu. Bishara aliiwahi, akaifumbata mpaka ikapata joto, kisha akairudisha mahali pake.

“Hii inamsubiri mwenyewe,” alisema, akavuta turubai.