Damu ya Namba Kumi na Saba

Ukumbi wa maabara ulifurika watu, kila mmoja na namba mkononi. Fundi cherehani alikuja kuleta makoti meupe aliyoyashona, si kutolewa damu, lakini mtafiti mwenye koti lisilo na kifungo alimsimamisha.

"Nimepungukiwa mtu mmoja, kaka. Unaogopa sindano?"

"Sindano ndiyo kazi yangu, dada. Ila huwa naishika mimi."

Mtafiti alicheka, fundi akakunja mkono wa shati. Akawa namba kumi na saba.

Utafiti ulihusu kinga ya mwili na ulitaka damu kila mwezi. Mwezi wa pili fundi alimletea kifungo. Wa tatu, simu zilikuwa hazikatiki.

"Mpenzi, umekula?"

"Bado, niko na damu yako. Unajua bado inaikumbuka surua?"

"Niliugua nina miaka minne. Mama alikwisha kata tamaa."

"Basi seli zilizokuokoa ziliacha wajukuu. Wanalinda mpaka leo."

Fundi aliutazama mkono wake kwa heshima. Miaka thelathini analindwa na hajawahi kusema asante.

Mwezi wa tano, mapokezi walimwambia namba yake imefutwa. Akapiga simu.

"Umenifuta?"

"Nimekufuta, ndiyo. Niko kwa mkuu wangu, nitakueleza."

Hakusubiri kuelezwa. Alizima simu wiki nzima, akashona kwa hasira na kuharibu suruali mbili za watu. Kumbe alipendewa damu tu, kama apendwavyo na mbu.

Siku ya nane mtafiti aliingia kwenye chumba cha kushonea cha fundi, amevaa gauni la kijani ambalo fundi mwenyewe alimshonea.

"Umemaliza kununa?"

"Ulinifuta."

"Kwetu ni marufuku kumchunguza mtu wako wa karibu. Mkuu aliniuliza wewe ni nani kwangu. Ningesema hunihusu, kazi yangu ingepona. Nilisema kweli. Nimepoteza miezi mitano ya damu yako, naanza upya na mtu mwingine."

Mguu wa fundi ulitoka kwenye pedali. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka.

"Nisamehe, mpenzi. Nilikuhukumu bila kukusikiliza."

"Twende. Kuna kitu nataka ukione."

Maabarani mtafiti alivaa koti lake, akamchoma kidole, akatia tone kwenye kioo pamoja na vijidudu vichache. "Hili si la utafiti. Ni lako. Tazama."

Fundi aliinama kwenye hadubini. Seli nyeupe ilikuwa ikimfuata kijidudu. Kikikata kona, nayo inakata. Ikakifikia, ikakikumbatia, ikakimeza taratibu.

"Nani anaielekeza?" alinong'ona.

"Hakuna. Inafuata harufu yake."

"Na haya yote yanafanyika nikiwa nashona?"

"Hata ukiwa umelala. Hata ukiwa umezima simu."

Fundi aliinua kichwa. Hakujua kama anataka kucheka au kusali.

"Mkuu wako alipouliza, ulimjibu mimi ni nani?"

Mtafiti alijishughulisha na kifungo cha koti lake. "Nilisema mchumba. Usiniumbue."

"Sitakuumbua," alisema fundi, na akarudisha jicho kwenye hadubini, kwa sababu lilikuwa limejaa machozi.