Fundi Nondo Alegeza Uzi

Fundi Nondo hakuwa mtu wa kukaa nyumbani. Kwa miaka ishirini na sita alisuka nondo za majengo. Alizipanga, akazifunga kwa waya, akakaza kwa koleo mpaka zikawa kitu kimoja. Zege likimwagwa juu yake, hakuna nondo iliyosogea. Wenzake walisema Fundi Nondo akikaza, amekaza.

Siku moja aliteleza kazini, akavunjika mguu. Daktari akaufunga plasta na kumwambia apumzike miezi mitatu. Wiki ya kwanza alirekebisha bawaba za milango yote ya nyumba. Wiki ya pili akaanza kumfundisha mkewe namna ya kuchemsha chai.

"Mume wangu," mkewe alisema, "nakupenda sana. Lakini tafuta kazi ya mikono kabla sijakuvunja mguu wa pili."

Kazi ikajileta yenyewe. Binti yao alikuwa na mimba ya kwanza. Jumapili moja alikuja kuwasalimu, mkononi ana mfuko wa uzi mweupe laini. Ndani ya mfuko kulikuwa na sindano ya kroshia, ile yenye kichwa kilichopinda kama ndoano ndogo. Alitaka kumfumia mtoto shali. Lakini akikaa muda mrefu mgongo ulimuuma, na kazi haikwenda mbele.

"Basi, nitanunua ya dukani," alisema kwa unyonge. "Nilitaka sana mwanangu atoke hospitali amefunikwa kitu tulichomtengenezea wenyewe."

Fundi Nondo akanyoosha mkono. "Lete hapa. Mimi nasuka nondo za ghorofa sita. Uzi utanishinda?"

Binti alicheka mpaka akashika tumbo. Halafu akaona baba yake hacheki. Akaketi karibu yake, akamwonyesha namna ya kufuma mnyororo wa vitanzi mia na ishirini, kisha namna ya kurudi juu yake safu kwa safu. Kabla ya saa kumi na moja jioni baba alikuwa ameelewa.

"Mjukuu wangu atatoka hospitali ndani ya shali ya babu yake," akaahidi. "Nimesema."

Zilikuwa zimebaki wiki saba.

Habari zikamfikia shemeji yake, mdogo wa mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa chekechea na mdomo wake haukuwa na breki. Alimkuta Fundi Nondo sebuleni, mguu wa plasta juu ya kigoda, uzi mapajani.

"Shemeji! Siku hizi umeolewa?"

"Nimeolewa na dada yako. Pita ndani."

"Na hiyo ni nini? Wavu wa goli?"

Fundi Nondo aliinamia uzi wake. Alikuwa anahesabu. Lakini wiki iliyofuata shemeji alileta blanketi dogo la dukani, bado limo kwenye nailoni yake. "Hili ni la akiba," alisema. "Mtoto asije akatoka hospitali amefungwa kwenye magazeti." Neno hilo lilimuuma Fundi Nondo kuliko mguu.

Akafuma kwa hasira. Kila kitanzi alikivuta mpaka uzi ukalia. Vidole vikaanza kumuuma, na kiganja kikaota sugu mpya. Kuingiza sindano kwenye safu ya chini kukawa vita. Alisukuma, akazungusha, akaguna. Mkewe alimsikia kutoka jikoni, akamhurumia.

"Kaza uzi, mume wangu!" alimpigia kelele. "Kaza uzi hivyo hivyo!"

Naye akakaza.

Baada ya wiki nne alikuwa na safu arobaini. Shali ilikuwa ngumu kama mkeka. Si hivyo tu. Chini ilikuwa pana, juu ilikuwa nyembamba. Shemeji aliiinua kwa ncha mbili za vidole na kuitazama kwenye mwanga wa dirisha.

"Shemeji, huyu mtoto ana mabega mangapi?"

Siku hiyo Fundi Nondo aliamua kwamba mwenye kosa ni sindano. Akachukua magongo yake, akaweka shali kwenye mfuko, akaenda na mkewe mpaka duka la Mama Vifungo, mtaa wa pili. Mama Vifungo aliuza nyuzi, zipu na vifungo vya kila rangi, na alikuwa akifuma tangu hajaanza shule.

"Jirani, nimeleta malalamiko," Fundi Nondo alisema hata kabla hajakaa. "Sindano hii uliyomuuzia binti yangu ni mbovu. Haiingii."

Mama Vifungo aliichukua, akavuta uzi kutoka kwenye rafu, akafuma vitanzi kumi huku anamwangalia usoni. Sindano iliteleza bila tabu.

"Sindano nzima. Nionyeshe kazi."

Aliishika shali, akaikunja, haikukunjika vizuri. Akajaribu kuingiza sindano, ikagoma. "Fundi, hapa hata maji hayapiti."

"Asante," Fundi Nondo alisema kwa fahari.

"Sikusifu! Hili si tangi. Nani kakwambia ukaze hivi?"

Fundi Nondo akamwonyesha mkewe kwa kidevu. "Huyu. Kila siku, kaza uzi, kaza uzi."

"Mimi?" Mkewe akashika mdomo. "Mimi nilikuwa nakutia moyo! Nilimaanisha usikate tamaa! Nani alikuambia uukaze uzi wenyewe?"

Kisha Mama Vifungo akaegemea rafu kwa kicheko, boksi moja la vifungo likamwagika. Mke akacheka mpaka machozi. Mwisho Fundi Nondo mwenyewe akashindwa kujizuia, akacheka mpaka gongo likaanguka. Mwezi mzima mtu kafuata maneno ya mkewe barabara, na mara hiyo moja aliyoamua kumsikiliza ndipo alipokosea!

"Kaa," Mama Vifungo alisema, akijifuta macho. "Leo tunalegeza."

Akachukua uzi, akauzungusha mara moja kwenye kidole kidogo cha Fundi Nondo, kisha akaupitisha juu ya kidole cha shahada. "Uzi upite hapa wenyewe. Usiuvute. Kidole hiki kiushike tu, kama unavyoshika mkono wa mtoto mnapovuka barabara. Hakuponyoki, wala humuumizi."

Fundi akajaribu. Uzi ukapita.

"Sasa tazama sindano. Hapa karibu na kichwa ni shingo, nyembamba. Hapa ndipo mwili, mnene. Wewe unatengeneza kitanzi shingoni, kwa hiyo kinatoka kidogo, sindano haipati pa kuingia. Kisukume kitanzi mpaka kwenye mwili ndipo umalizie. Mwili wa sindano ndio kipimo chako."

"Na ule mnyororo wa kwanza? Ule ndio ulioniua."

"Watu wengi huukaza huo. Dawa yake rahisi. Fuma mnyororo kwa sindano nene zaidi, kisha endelea na hii yako."

Fundi Nondo akatikisa kichwa. Jambo rahisi namna hiyo, na yeye kaumia mwezi mzima! "Na kwa nini inakwenda inapungua?"

"Hesabu safu ya juu."

Akahesabu. Vilikuwa vitanzi tisini na nane. Vingine ishirini na viwili vilikuwa vimepotea.

"Unaruka cha pembeni," Mama Vifungo alieleza. "Kitanzi cha mwisho hujificha. Ukianza safu, choma pini ya kufungia kwenye kitanzi cha kwanza. Ukirudi, usigeuze kazi mpaka umefuma kwenye pini. Na katikati, kila vitanzi ishirini, laza kipande cha uzi wa rangi. Hapo utahesabu ishirini mara sita, hutahesabu mia na ishirini kila safu."

Uso wa Fundi Nondo ukafunguka. "Kumbe ni vigingi! Sisi tukianza msingi tunapiga vigingi kila kona, tunavuta kamba. Bila kigingi ukuta unakwenda upogo."

"Sasa umeongea. Piga vigingi vyako."

Likabaki jambo moja, na wote watatu walilijua. Mama Vifungo alilisema taratibu. "Hii haiponi, Fundi. Ifumue."

Wiki nne za kazi. Fundi Nondo aliiangalia ile shali ngumu, na kusema kweli alitaka kulia. Alibakiwa na wiki tatu tu. Lakini aliwahi kuvunja nguzo iliyopinda kwa mikono yake mwenyewe, maana nyumba ingeangukia watu. Akashika ncha ya uzi, akavuta.

Uzi uliofumuliwa ulikuwa umejikunja kunja. Kwa maelekezo ya Mama Vifungo, mkewe aliuzungusha kwenye mgongo wa kiti, akaunyunyizia maji, akauacha ukauke kivulini. Asubuhi ulikuwa umenyooka. Donge la uzi wakaliweka ndani ya jagi la plastiki lenye mfuniko, uzi ukatokea mdomoni. Halikubiringika tena chini ya makochi kukusanya vumbi. Fundi naye akaongeza ujuzi wake. Alikata kipande cha mpira wa baiskeli, akakizungusha kwenye mpini wa sindano mpaka ukanenepa. Vidole vikaacha kuuma. Na kila mwisho wa safu aliweka kazi chini, akanyoosha vidole, akazungusha viwiko vya mikono.

Kwanza alifuma kipande kidogo cha majaribio, upana wa kiganja. Kikatoka laini. Ndipo akaanza mnyororo. Safu ya kwanza, mia na ishirini. Safu ya kumi, mia na ishirini. Safu ya hamsini, mia na ishirini! Alimwita mkewe kutoka uani aje ahesabu na yeye. Kila alipounga uzi, hakuacha mkia ukining'inia. Aliulaza juu ya safu na kuufumia ndani palepale. Shemeji alikuja, akaigusa, akaikunja, akairudisha mapajani taratibu.

Zilihitajika safu tisini na sita. Alikuwa kwenye ya themanini na nane simu ilipolia saa moja asubuhi. Alikuwa mkwe wake, anahema.

"Baba, amejifungua! Mtoto wa kike! Wote wazima. Wanaruhusiwa leo saa nane mchana."

Mke akapiga vigelegele. Fundi Nondo akashangilia pia, kisha akaitazama shali. Mtoto alikuwa amewahi wiki nzima. Safu nane, kila moja nusu saa.

"Tunaondoka sasa hivi," alisema. "Nitafumia huko huko."

Wakapita kumchukua shemeji, akaja na blanketi lake la nailoni. Saa tatu Fundi Nondo alikuwa kwenye benchi la korido ya hospitali, magongo pembeni, jagi la uzi miguuni. Watu waliopita waligeuza shingo. Mzee mwenye mikono mipana kama beleshi anafuma kroshia! Yeye hakumwona mtu. Safu ya tisini. Safu ya tisini na mbili.

Saa tano mhudumu wa usafi aliwaomba wahamie benchi la pili ili apige deki. Zamani Fundi angesimama ghafla na vitanzi vikafumuka. Sasa alikifunga kitanzi cha mwisho kwa pini, akahama, akaendelea pale pale alipoachia.

Shemeji alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Akaangalia vidole vya shemeji yake. Halafu akaliinua lile jagi, akalipakata ili uzi upite vizuri zaidi.

"Asante, shemeji," Fundi Nondo alisema.

"Fuma," shemeji alijibu. "Umebakiza safu tatu."

Saa saba na dakika kumi na tano alikata uzi. Hakukuwa na mikia mingine ya kuficha, ni huo mmoja tu. Akaupenyeza ndani kwa sindano, na kazi ikaisha. Watu wa benchi la pili, ambao hata hawakumjua, wakapiga makofi.

Wodini, muuguzi aliitandika shali kitandani, akamlaza mtoto katikati, akakunja. Pembe zikakutana sawasawa. Shali ilimfuata mtoto mwili mzima, laini, bila kumbana. Binti aliishika ncha yake, akaiweka shavuni, machozi yakamtoka.

"Bibi yake ana mkono mzuri kweli," muuguzi alisema.

"Mkono si wangu," mke alijibu. "Mwenye mkono ni yule pale, anayejifanya anatafuta gongo."

Muuguzi akageuka. Fundi Nondo alikuwa ameinama chini ya kitanda ili watu wasione macho yake. Alipoinuka, alikohoa, akajikaza.

"Ni safu tisini na sita," alisema. "Kila safu vitanzi mia na ishirini. Ukitaka hesabu."

"Usijisumbue, nesi," shemeji alidakia. "Nimeshahesabu mimi. Vyote vipo."

Wakamkalisha kwenye kiti. Muuguzi akamletea mjukuu, akawa na wasiwasi kidogo na ile mikono.

"Babu, taratibu. Usimkaze."

"Najua," Fundi Nondo alisema, akampokea.