Konokono wa Mstari wa Nne

Utepe wa mwisho ulikuwa umefungwa kwenye mti uliosimama ukingoni mwa korongo, na mbele yake hapakuwa na njia. Mtafiti aliliona hilo akiwa hatua tano nyuma. Dereva, aliyetangulia na begi mgongoni, hakuona kitu. Mvua ilikuwa inampiga machoni na alikuwa ameambiwa afuate utepe. Alikanyaga, udongo ukamponyoka chini ya miguu, akaporomoka nao pamoja na begi, matawi na mawe.

Mtafiti alishuka kwa makalio. Alimkuta nusu ya mwili iko ndani ya maji, mguu wa kulia umepinda chini ya goti mahali ambapo mguu haupindi. Dereva hakuwa analia. Alikuwa anatukana, polepole na kwa mpangilio, na mtafiti alimshukuru Mungu kwa matusi yale, maana maiti haitukani.

Huyu dereva alikuwa mume wa mdogo wake. Msituni hakuwa mwenyeji hata kidogo. Dereva wa kituo cha utafiti alikuwa ameshikwa na homa, naye akakubali kumshikia nafasi kwa wiki moja. Mkewe alikuwa na mimba ya miezi minane. Asubuhi ya safari aliwasindikiza hadi mlango wa gari, akamshika dada yake mkono na kumwambia maneno machache tu: "Huyo ndiye niliye naye. Unirudishie mzima."

Kazi yenyewe ilikuwa ya konokono. Mwaka uliopita mtafiti alikuwa amewaokota konokono wa msituni, wale wakubwa kama ngumi ya mtoto, akawaandika namba kwa rangi nyeupe mgongoni, akawarudisha pale pale na kuandika daftarini kila mmoja aliko. Mwaka huu alirudi kuwatafuta ili ajue wametembea kiasi gani. Dereva alicheka tangu siku ya kwanza. Alisema amebeba abiria wa kila aina maishani mwake, lakini hajawahi kuona mtu mwenye shahada tatu akiwapa konokono namba kama magari. Shemeji kwa shemeji utani ni ruhusa, ila mtafiti alikuwa ananuna.

Sasa hakukuwa na wa kucheka. Begi lilikuwa limekwenda na maji, na ndani yake dira, redio ya mawasiliano na chakula. Mtafiti alibaki na daftari la mwaka jana alilolivaa shingoni ndani ya mfuko wa plastiki, roli moja ya utepe mfukoni, kisu, nusu chupa ya maji, na kichupa cha spiriti ya kuhifadhia wadudu. Alikata fito mbili, akachana shati lake, akaunyoosha mguu. Hapo dereva alilia. Ngozi ilikuwa imechanika, na alipomiminiwa spiriti kwenye kidonda aliuliza kwa meno yaliyoumana kama naye anahifadhiwa apelekwe makumbusho.

Maji ya korongo yalikuwa yanapanda. Alimshika kwapani akamvuta kwa upande wa pili, ambako mteremko ulikuwa mlaini, hadi wakafika tambarare. Alipokaa kupumua ndipo akauangalia ule mti wa ng'ambo, na utepe wake wa rangi ya chungwa uliopauka. Utepe wa juzi haupauki. Ule ulikuwa wa mwaka jana.

Alijua mara moja. Mwaka jana, siku ya mwisho ya kazi, mvua kubwa ilimkimbiza kabla hajatoa alama zake, akasema atarudi kuzitoa, na hakurudi. Njia ile ya zamani na hii mpya zilipishana mahali fulani kwenye ukungu. Dereva alikuwa ameuliza pale kwenye njia panda kama kweli ndipo walipopita asubuhi, na yeye, kwa haraka ya kuwahi kambi, alimjibu kwa ukali afuate utepe. Watu wa kutafuta wangefuata alama mpya, ng'ambo ya kilima. Huku hakuna ambaye angekuja.

Walilala wamejifunika koti la mvua alilokuwa amelivaa mtafiti, kama kulala ni neno lake.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeziba kila kitu. Vidole vya mguu wa dereva vilikuwa vya baridi na mguu wenyewe umevimba hadi fito zikaanza kumkaba. Mtafiti alilegeza vitambaa vya shati, akakinga maji ya mvua kwenye jani pana, akamnywesha. Hakuweza kutulia. Alikwenda hatua ishirini upande huu, akarudi, akaenda upande ule, akarudi. Kila mtu husema ukipotea fuata maji, lakini maji ya bonde lile yaliishia kwenye kinamasi ambacho hata nyati walikikwepa. Barabara ya zamani ya malori ya mbao ilikuwa mahali fulani karibu, na "mahali fulani" haikanyagiki. Aliwaza mguu ule, akawaza tumbo la mdogo wake.

"Shemeji," dereva aliita. "Gari lako hili hapa."

Kwenye gogo, karibu na kiwiko chake, konokono alikuwa anapanda taratibu, na mgongoni mwake kwa rangi iliyoanza kubanduka ilisomeka sitini na tatu.

Mtafiti alipiga magoti. Alifungua daftari. Sitini na tatu: mstari wa nne. Mistari yote aliichora kutoka kwenye ile barabara ya mbao, imenyooka kuingia msituni, kila mmoja hatua mia tisa. Vigingi vyake vilishaliwa na mchwa, lakini konokono hawaliwi na mchwa. Na wote aliokwisha kuwapata mwaka huu walikuwa wanasema jambo moja, ambalo mabingwa walilitilia shaka hadi akakosa usingizi: konokono hawa hawatoki nyumbani. Kwa mwaka mzima hawavuki hatua kumi na tano.

Alimweleza dereva kwa pupa. Konokono mmoja anakuambia ulipo. Wawili wanakuambia njia, kwa sababu kila mmoja ameandikiwa hatua zake kutoka barabarani, na mwenye hesabu ndogo ndiye aliye karibu nayo. Dereva akauliza huyu ana hesabu gani. Mtafiti akasoma: hatua sitini.

Dereva alifumba macho, akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Hatua sitini angezitambaa hata kwa meno. Baada ya kutafuta kidogo, mtafiti alimpata mwingine, sabini na moja, kwenye mteremko wa kushoto. Daftari lilisema hatua arobaini. Basi barabara ilikuwa chini, kushoto, hapo hapo tu. Dereva alishaegemea viwiko na kuanza kujivuta.

Mtafiti hakusogea. Alikuwa anautazama ukurasa. Kurasa nyingine zote za daftari lile zilikuwa na matope, matone, alama za vidole na mistari iliyokatwa. Huu ulikuwa msafi. Mwandiko umenyooka, kalamu moja tangu juu hadi chini, hamsini na moja mpaka themanini. Njia ya mwongo fupi, wazee walisema, na ukurasa ule ulikuwa umemfupishia barabara hadi hatua sitini.

"Shemeji, simama," alisema. "Huo ukurasa usiuamini."

Dereva aligeuza kichwa.

"Ile siku ya mvua nilianza mwisho wa mstari, nikawa narudi kuelekea barabarani. Hadi hamsini nilipima. Mvua ilipozidi, waliobaki nikawazoa kwenye ndoo, nikawaandika namba chini ya turubai, nikawarudisha popote huku nakimbia. Hatua zao niliandika jioni kambini. Kutoka kichwani."

"Konokono wangapi?"

"Thelathini."

"Na ripoti ukapeleka."

"Nikapeleka. Wakaisifu."

Alingoja amtukane. Alitamani amtukane. Dereva aliulaza uso kwenye majani machafu.

"Nilivyokuwa nakucheka," alisema hatimaye, "ulikuwa unaninunia." Kisha akajigeuza chali kwa shida. "Nenda katafute wale wa kweli."

Mtafiti alifunga ncha ya utepe kwenye mkono wa dereva, akaliachia roli kadiri alivyokwenda, ili ukungu usije ukamla na yeye. Alitambaa. Alifukua majani kwa vidole, akageuza magogo, akaingiza mkono kwenye mizizi bila kujua nani anaishi humo. Siafu walimpanda, akawapangusa, wakampanda tena. Konokono walikuwapo wengi, wasio na namba, wamelala raha mustarehe; mwingine alikuwa ganda tupu lenye namba iliyofutika nusu, akalitazama hadi macho yakamwaga machozi na bado halikusomeka. Alimpata sitini na nane. Alimpata hamsini na tano. Waongo wake mwenyewe walikuwa wamejaa kila mahali.

Kila baada ya muda alivuta utepe mara mbili, na dereva alivuta mara mbili kumjibu. Majibu yalianza kuchelewa. Halafu alivuta na hakujibiwa.

Alirudi mbio, akianguka. Dereva alikuwa anapumua, ila alikuwa wa moto, na midomo yake ilikuwa inazungumza na mkewe juu ya kitanda cha mtoto ambacho hakijapigwa msumari wa mwisho. Mtafiti alimnywesha maji yote yaliyobaki. Alimwambia kwamba kitanda kile atakimaliza mwenyewe, hakuna fundi mwingine atakayeitwa. Kisha akarudi kwenye majani akiwa na hasira ambayo haikuwa na mtu mwingine wa kuangukia ila yeye.

Arobaini na saba alikuwa chini ya mzizi, amejifunga ndani ya ganda. Ukurasa wake ulikuwa na doa la matope lenye umbo la kidole gumba, na karibu na doa: hatua mia tano na arobaini. Mtafiti alilikumbuka lile doa. Alikumbuka hata kuteleza. Aliacha alama pale na kuendelea, na hatua kama sitini mbele, juu ya uyoga uliooza, akampata arobaini na mbili. Hatua mia sita.

Kutoka arobaini na mbili kwenda arobaini na saba, mstari ulielekea juu, kulia. Ulikuwa kinyume kabisa na kule ukurasa safi ulikokuwa unawapeleka.

Dereva alizinduka alipobebwa mgongoni. Akauliza wanaenda wapi, akaambiwa. Akauliza itakuwaje shemeji akikosea tena.

"Nikikosea, mdogo wangu atanifuata hadi kaburini anichape," mtafiti alisema.

"Mimi nitamshika," dereva alijibu, na hilo likawa neno lake la mwisho kwa saa nzima.

Alihesabu kwa sauti kuanzia pale alipoacha alama ya arobaini na saba. Hatua kumi, anapumzika. Hatua kumi tena. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye kiuno kinachomlalamikia hata akiinama kufua, na mgongoni alikuwa na mwanamume mzima. Kila alipoona mti aliulenga, akaufikia, akalenga mwingine kwenye mstari ule ule, asipinde. Mia mbili. Mia tatu na themanini, wakaanguka, dereva akapiga yowe na kuzimia. Mia tano. Mia tano na arobaini, na hapakuwa na barabara. Kulikuwa na miti tu, na ukungu, na mvua inayoanza upya.

Moyo ulimwambia ageuke. Labda na ukurasa wa matope ulikuwa wa uongo. Aliyedanganya mara moja anajuaje kwamba hakudanganya mara mbili? Alisimama, akajaribu kuirudisha siku ile vipande vipande: kamba ya kupimia, kidole gumba, doa. Aliliona doa. Halafu akili ikamrudia, kwamba mwaka jana alipima hatua za mtu mtupu, na leo hatua zake ni za mtu aliyebeba mtu, fupi na za kuburuza. Akaongeza kumi. Akaongeza kumi nyingine. Kwenye mia sita na thelathini mguu wake ulikanyaga kokoto.

Hakuwa na nguvu za kufurahi. Alimlaza dereva katikati ya barabara iliyoota nyasi, akakaa na kichwa chake mapajani. Walipatikana hapo mchana, na gari la askari wa msitu lililokuwa linakwenda kuwatafuta ng'ambo ya kilima. Nyuma ya gari alisimama mpishi wa kambi akipiga mfuniko wa sufuria, na hakuacha kuupiga hata baada ya kuwaona.

Mguu haukukatwa. Ulitiwa chuma na plasta, na daktari alisema siku moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Mdogo mtu alifika wodini akiwa ametanguliwa na tumbo, akamtazama mumewe tangu kichwani hadi kwenye plasta, kisha akamgeukia dada yake. Alimkumbusha kwamba alisema mzima. Mtafiti alisema ndiyo, alisikia. Hakujitetea, wakalia wote wawili.

Wiki iliyofuata mtafiti alirudi msituni na askari wawili, akatoa utepe wa zamani wote, vipande arobaini na vitatu. Kisha akaenda nyumbani kwa dereva na daftari lake na barua aliyokwisha kuwaandikia wale waliomsifu. Dereva alikuwa ameketi, mguu juu ya stuli, nyundo mkononi na kitanda cha mtoto mbele yake. Aliisoma barua yote. Hakutania. Aliweka nyundo chini, akalichukua daftari, akafungua ule ukurasa safi na kumwambia ashike kalamu, kazi yenyewe ni ya watu wawili.

"Hamsini na moja," alisoma.

"Sijui," mtafiti alisema, akaandika hivyo hivyo.

"Hamsini na mbili."

"Sijui."

Waliendelea hadi themanini.