Mtoto Aliyelala

"Niache, Alois! Ukinipeleka hospitali, umemuua mwanao!"

Tekla aling'ang'ania mwimo wa mlango. Homa ilikuwa imemchongoa uso, lakini tumbo lilikuwa bado limejaa kama la mtu wa kujifungua kesho. Uchungu ulimshika wakati wa palizi, mwaka ule wa 1953, ukamtesa, kisha ukakata wenyewe bila mtoto kutoka. Sasa karanga zilikwisha kuvunwa, na mtoto hakuwa amecheza tena.

"Mama, mwambie wewe," Alois alimgeukia mama yake, Josepha.

"Mimba hulala, mwanangu. Ngoja, ataamka."

"Jana mke wangu kazimia kisimani!"

"Lilikuwa jua tu," Tekla alisema. "Umesahau ulivyoweka sikio hapa ukacheka? Ndiye huyo unataka wakamkate?"

Machozi yalimtoka Alois. Tangu waoane, hiyo ndiyo mimba pekee waliyojaliwa.

"Sijasahau. Ila nikiwakosa wote wawili, nitabaki na nani?"

"Utaoa mwingine."

"Simtaki mwingine, Tekla!"

Akamwachisha mwimo, akambeba mpaka kwenye mkokoteni wa ng'ombe. Kutoka Kwihara hadi Tabora mjini, Tekla alimwambia neno moja tu:

"Muuaji."

Hospitalini, daktari wa wanawake, bibi wa Kizungu, alimpapasa tumbo, akaagiza apasuliwe siku ileile. Baada ya upasuaji alimwita Alois kando.

"Mtoto alikulia nje ya kizazi, katikati ya matumbo. Ni jambo la nadra sana. Hakuwa na njia ya kutokea. Alikufa zamani."

"Na mke wangu?"

"Ataishi. Mngekawia, usaha ungemwua. Lakini kuhusu mimba nyingine, sina la kukuahidi."

Wakampa kichanga kimefungwa shuka. Alimzika nyumbani Kwihara, yeye na mama yake.

"Mimi ndiye niliyesema amelala," Josepha alilia. "Mimi, mwanangu."

Alois aliporudi wodini, Tekla aligeukia ukutani. Akawa hivyo kila alipomletea uji, hamtazami, hamjibu. Hadi asubuhi moja, daktari akiwa amekwisha kumweleza yote, akauliza, bado kageukia ukuta:

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike."

"Ulimshika?"

"Nilimpakata njia nzima."

"Alikuwa mzito?"

"Mwepesi, Tekla. Mwepesi mno."

Mabega ya Tekla yakaanza kutetemeka.

"Kila jioni nilimwimbia, Alois. Kumbe nilikuwa namwimbia maiti."

Alois akainama karibu naye. Akanyoosha mkono amguse, ukasukumwa.

"Sijakusamehe."

"Najua."

Akasimama, akaokota kofia yake.

"Unakwenda wapi?"

"Nje. Nisikuzidishie uchungu."

Tekla akageuka. Mara ya kwanza tangu Kwihara, akamtazama mumewe machoni.

"Kaa," alisema, sauti ikimkatika. "Sijakusamehe, lakini kaa. Mwanangu nitamwulizia kwa nani mwingine?"