Kabla ya Milango ya Zumaridi Kufunguliwa

Uwanja wa Kinoru ulikuwa umefurika watu. Ilikuwa siku ya maonyesho ya wafanyabiashara, na Kanana, mwenye duka la kukodisha magauni ya harusi mjini Meru, alikuwa akiivisha sanamu yake shela aliposikia sauti kwenye spika.

"Karibuni ndani, wapendwa! Shida zenu ziacheni nje na viatu vya matope!"

Pini zilimponyoka. Sauti hiyo aliijua vizuri. Zamani aliisikia kila wikendi katika klabu ya Zumaridi, kule Westlands, Nairobi, mahali ambapo hata mheshimiwa hakuingia kama jina lake halikuwa mlangoni. Mlangoni hapo alisimama Kanana mwenyewe, amevaa gauni la kijani linalometameta. Sauti ilikuwa ya Munyi, dijei kutoka Gachoka. Walipendana kwa macho tu, kila mmoja akingoja mwenzake aanze. Kisha jengo likauzwa, klabu ikafungwa, na kila mtu akashika njia yake.

Kanana alipenya umati mpaka jukwaani. Munyi, MC wa maonyesho hayo, alikuwa amevaa shati jeupe na suruali ya khaki, uso umekolea jua la kwao Mbeere.

"Samahani, bwana," Kanana akasema kwa sauti yake ya zamani ya mlangoni. "Huku haingii mtu bila tai."

Munyi akageuka, maikrofoni bado iko wazi. "Kanana? Ngai! Kanana wa Zumaridi!"

Uwanja mzima ukasikia. Watu wakapiga makofi bila kujua wanashangilia nini.

Mchana ule walikula nyama choma na kucheka mpaka machozi yakawatoka.

"Unamkumbuka yule tajiri aliyekuja na ndara?" Munyi akauliza.

"Nilimkataza kabisa!"

"Naye akaazima buti za askari wa mlango. Kubwa kama mashua! Alicheza nazo mpaka kuche."

"Na askari naye akabaki na ndara, analinda Zumaridi kama mtu ametoka kuoga!"

Tangu siku hiyo simu hazikupoa.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Na wewe?"

"Ndengu."

"Na jana?"

"Ndengu. Si ndizo ninalima?"

"Utageuka kijani wewe!"

"Afadhali. Nifanane na lile gauni lako."

Gauni lile! Munyi hakukosa kulitaja. Kanana alicheka, lakini akikata simu alijitazama kwenye kioo kirefu cha dukani. Gauni alikwisha kuliuza. Kiuno kilichovaa gauni lile nacho kilikuwa kimeenda zake.

Jioni moja Munyi akasema, "Wikendi nakuja Meru, kipenzi. Ungelivaa lile gauni tu, tukumbuke Zumaridi."

Kanana akakipa kioo mgongo. "Munyi, unampenda nani hasa? Mimi, au yule msichana wa mlangoni?"

"Si ni mtu mmoja?"

"Si mtu mmoja. Usije." Akakata simu.

Munyi alielewa mengine kabisa. Alitazama viganja vyake vilivyopasuka, akatazama gambuti zake zenye matope ya shamba.

"Ananionea aibu," alimwambia mama yake, Mama Alice. "Mtu aliyezoea kuwafungulia wakubwa mlango atataka mkulima wa Gachoka?"

Hakupiga simu tena. Kule Meru, Kanana alilala na simu chini ya mto, akisubiri.

Kisha akaja dukani bibi harusi mmoja kutoka Kianjokoma. Akiwa anapimwa gauni, alilalamika, "Tulitaka Munyi awe MC wetu, amekataa. Eti siku hizi hana sauti ya furaha."

Kanana alimaliza kumpima, akafunga duka, na kesho yake akaenda Gachoka.

Alifika jua limesimama utosini. Munyi na mama yake walikuwa wakipura ndengu kwenye turubai uani. Munyi alipomwona, fimbo ikabaki hewani.

"Wewe ndiye Kanana?" Mama Alice akauliza. "Karibu, mwanangu. Shika fimbo. Maneno yanatoka vizuri mikono ikiwa kazini."

Kanana akavua viatu, akafunga leso kiunoni, akaanza kupura.

"Gauni niliuza," akasema bila kuinua macho. "Na hata ningekuwa nalo, lisingepita kwenye hizi nyonga."

"Kwani ulikasirikia hilo? Mimi nilidhani unanionea aibu."

"Aibu ya nini?"

Munyi akanyoosha viganja vyake. Kanana akavishika vyote viwili, akaviweka mashavuni mwake. Mama Alice akajifanya anatazama kuku.

"Sikia," Munyi akasema taratibu. "Zumaridi ninayoikumbuka mimi ni ya saa kumi jioni, kabla wageni hawajaja. Viti bado viko juu ya meza. Wewe umevaa raba na tisheti ya kampeni, unakula githeri jikoni. Nikijaribu spika, unatoka mbio na kijiko mkononi, unacheza peke yako katikati ya ukumbi. Huyo ndiye niliyempenda. Gauni nilikuwa nataja kwa sababu niliona haya kutaja tisheti."

"Hiyo tisheti bado ninayo! Nalala nayo!"

"Basi uivae tukienda kwa wazazi wako."

"Kwenda kufanya nini?"

"Kuwaomba nikuoe, Kanana."

Fimbo ilimponyoka. Macho yalimjaa maji, mdomo unacheka.

"Jibu, mwanangu," Mama Alice akahimiza. "Jua ni kali."

"Nitajibu akiweka muziki."

Munyi aliruka ndani kama kijana, akarudi na spika yake ya harusini. Wimbo ulipoanza alimvuta Kanana katikati ya turubai, wakacheza miguu mitupu, maganda yakipasuka chini ya nyayo zao, vumbi likiwapanda hadi magotini.

"Ndiyo," Kanana akamnong'oneza. Muziki ukalimeza neno. "Nimesema ndiyo!" akapaza sauti, na jirani ng'ambo ya ua akapiga kigelegele.

"Chezeni tu hapo hapo, msitoke," Mama Alice akasema, akiketi kivulini. "Mnazipura vizuri kuliko fimbo."