Ukurasa wa Nne wa Taarifa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Loisi alimwagilia mistari miwili ya mizabibu nyuma ya nyumba ya mama yake mkubwa, Evodia, pale Hombolo. Akimaliza alifagia uwanja, akanywa uji, akashika njia. Jioni alichelewa kurudi kwa sababu ya klabu ya kompyuta. Shule ilikuwa na kompyuta sita, nne zikiwaka na mbili zikipamba meza tu, kwa hiyo kupata nafasi ya kukaa ilikuwa kazi nyingine kabisa.

Mlezi wa klabu, Mwalimu Gerson, aliwafundisha kuboresha makala za kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuiandikia. Kila mwanafunzi alichagua makala moja. Loisi alichagua ya Mapambazuko, chama cha wanawake wa Dodoma walionusurika saratani. Ilikuwa na mistari mitatu tu, na hata mwaka wa kuanzishwa ulikuwa umekosewa.

"Sheria ni moja," Mwalimu Gerson aliwaambia. "Usiandike unachotamani. Andika kilichothibitishwa, kisha uonyeshe umekitoa wapi, hadi ukurasa."

Chanzo Loisi alikuwa nacho nyumbani. Evodia alikuwa mwenyekiti wa chama hicho, na kabatini kwake mlikuwa na taarifa ya mwaka iliyochapishwa. Loisi aliisoma jioni moja. Ukurasa wa kwanza ulieleza jinsi chama kilivyoanza, wa pili na wa tatu zikaeleza semina za vijijini. Ukurasa wa nne ulikuwa na kichwa cha habari "Tuliowapoteza". Chini yake palikuwa na majina tisa. La saba lilikuwa Jenifa Ndahani.

Jenifa alikuwa mama yake. Alifariki mwaka uliopita, watu wakivuna uwele.

Loisi aliifunga taarifa. Hakulia. Tangu siku ya mazishi hakuwa amelia, na majirani walimsifu kwamba ni mtoto jasiri, kumbe uchungu wote ulikuwa umemjaa kifuani ukakosa pa kutokea. Kesho yake alikaa mbele ya kompyuta akasahihisha mwaka, akaeleza semina kwa lugha safi. Kisha akaandika: "Tangu chama kianzishwe, wanachama wote wamepona na wanaishi kwa afya njema." Mwishoni akaweka chanzo: taarifa ya mwaka, ukurasa wa nne.

Alijua kuwa ni uongo. Lakini kwa muda ule alioitazama sentensi yake, mama hakuwa amekufa. Mwalimu Gerson alipoona chanzo kimewekwa, tena na ukurasa wake, aliamini akampongeza mbele ya wenzake. Loisi alitabasamu kidogo.

Zilipita wiki tatu. Jumamosi moja wanachama walikuwa wamekutana nyumbani kwa Evodia, na Loisi alikuwa akiwamiminia chai, mgeni alipobisha hodi. Alikuwa mama mwembamba mwenye vumbi la safari miguuni.

"Shikamoo mama," Loisi alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndipo kwa Mapambazuko?"

"Ndipo hapa, dada. Karibu ukae, pole na safari," Evodia alimjibu.

Mgeni aliketi. Alisema anaitwa Penina, ametoka Busi huko Kondoa. "Nina uvimbe kwenye titi. Hospitali walinipima wakasema ni saratani, wakanipangia nianze matibabu ya dripu wiki iliyopita. Sikwenda."

"Kwa nini, dada yangu?"

"Niliogopa. Jirani yangu alifia kwenye dripu hizo hizo. Ndipo binti yangu akanisomea habari zenu kwenye simu. Imeandikwa ninyi nyote mmepona, hajafa hata mmoja. Nikasema, hawa lazima wana dawa yao. Nimekuja mnipe na mimi."

Evodia aliweka kikombe chini.

"Dada, hatuna dawa. Sisi tulitibiwa hospitali, na wenzetu tisa tumewazika. Hiyo habari sijui nani ameiandika."

Loisi alikuwa bado ameshika birika. Angeweza kunyamaza, kwa maana hakuna aliyemshuku. Lakini alimtazama Penina, aliyesafiri kutwa nzima kwa ajili ya sentensi moja, akashindwa.

"Ni mimi, mama mkubwa," alisema. "Nilishindwa kumwandika mama."

Hakuna aliyemkaripia.

"Mama yake alikuwa mdogo wangu," Evodia alimweleza Penina. "Alipogundua uvimbe, aliambiwa kuna mizizi iliyowaponya watu kumi. Akainywa miezi minane. Hao watu kumi hakuna aliyewahi kuwaona. Alipofika hospitali, alikuwa amechelewa."

Loisi hakuwa amesimuliwa habari hiyo. Aliielewa mara moja, na ilimchoma: maneno yaliyomchelewesha mama yake yalikuwa kama yale aliyoyaandika yeye.

Evodia alimpigia simu muuguzi anayewafahamu. Penina akaambiwa afike hospitali Jumatatu asubuhi, na Evodia akaahidi kumsindikiza.

Jumatatu hiyo Loisi alimfuata Mwalimu Gerson akamwambia kila kitu. Mwalimu aliifungua makala kwenye kompyuta. "Mimi nami nilipaswa kuufunua huo ukurasa wa nne," alisema, kisha akamvutia kiti.

Loisi alifuta sentensi yake. Badala yake aliandika kwamba chama kimepoteza wanachama tisa, akiwemo Jenifa Ndahani, na kwamba waliobaki wanawahimiza wanawake kupimwa na kuanza matibabu mapema. Palipotakiwa kueleza sababu ya mabadiliko, aliandika: "Nilikuwa nimeandika uongo." Alipolisoma jina la mama yake pale kwenye kioo cha kompyuta, machozi yalimtoka, akalia kwa sauti mbele ya wenzake, na Mwalimu Gerson akamwacha alie.

Jioni Evodia alirudi amechoka. Aliomba asomewe makala, akaisikiliza mpaka mwisho.

"Uongo wako ulitokana na mapenzi, mwanangu, hilo nalijua," alisema. "Hata aliyempa mama yako habari za mizizi alimpenda. Lakini mgonjwa akifurahishwa kwa uongo, siku zake zinapotea, na hakuna wa kumrudishia. Ukitaka kumsaidia mtu, mwambie ukweli angali na muda wa kuutumia."

Loisi alijifuta macho. "Mama Penina ameanza dripu?"

"Ameanza leo, na amelazwa huko huko hospitali."

"Atapona?"

Evodia alimvuta karibu, akamkumbatia.

"Sijui," alisema. "Kesho ukitoka shule tutakwenda kumwona."